Kwaya Iliyokataa Kushuka

Watoto wa shule walimwita Mwalimu Tena, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Mtoto akikosea noti moja, hata kama ni ya mwisho na kengele ya kwenda nyumbani imeshalia, mwalimu anaweka chaki chini, anavuta pumzi, anasema, "Tena." Wanaanza upya. Wakikosea, "Tena." Wako wazazi ambao nao waliimbishwa tena na tena kwenye chumba kilekile, mbele ya kinanda kilekile cha kukanyaga kwa miguu, na mpaka leo wakimwona barabarani migongo inanyooka yenyewe.

Sasa mtazame huyohuyo akiwa na kwaya ya watu wazima. Mpole kama maji ya mtungi. Watu wanatoka kazini, seremala na vumbi la mbao kwenye nyusi, muuguzi wa zahanati na viatu vyake vyeupe, wenye maduka, dereva wa lori la taka aliyeoga mara mbili lakini wapi. Wanasimama, wanaimba. Mwalimu anawasikiliza kichwa kakiinamisha upande, na wakimaliza anasema, "Ahsanteni sana. Tuonane wiki ijayo." Neno "tena" halitoki kabisa.

Na kwaya ilikuwa inashuka, jamani. Ngoja nieleze, maana si kila mtu amewahi kusimama kwenye kwaya. Watu wakiimba bila kinanda, hakuna cha kuwashikilia ila masikio yao. Wanaanza vizuri kwenye sauti waliyopewa. Mbele kidogo mmoja anachoka, jirani yake anamfuata, na wote wanateremka taratibu bila mtu kujua, kwa sababu wanateremka pamoja. Wimbo ukiisha ukabonyeza kinanda, unakuta kinanda kiko juu na watu wako chini. Kwaya nyingi hushuka. Ila hii ilishuka kwa nidhamu ya ajabu: nusu sauti kamili, yaani kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi jirani yake wa chini, si zaidi si pungufu, na kila mara kwenye ubeti wa tatu.

Mwalimu alishawahi kuwaambia. Mwaka wake wa kwanza, kijana, katoka chuoni na moto wake, aliwakatiza katikati ya wimbo mbele ya watu waliokuja kusikiliza, akasema, "Mmeshuka. Tena." Muuguzi, wakati ule msichana tu, akaangua kilio. Mabesi wawili wakachukua kofia zao wakaenda kujiunga na timu ya mpira, na huko wakakaa benchi mpaka wakazeeka. Seremala alinuna msimu mzima. Mwalimu aliwabembeleza nyumba kwa nyumba mpaka soli za viatu zikaisha. Tangu siku hiyo neno "mmeshuka" likamkaa kooni, asilimeze wala asiliteme.

Badala yake akawa kama fundi cherehani mwenye mteja wa bega moja la chini. Fundi hamwambii mteja wake. Anakata kitambaa kufuata bega, mteja anavaa anapendeza, kila mtu na furaha yake. Nyimbo zote alizotunga mwalimu, na alitunga nyingi, za harusi, za kuzika, hata wa kufungulia daraja, alizitunga akijua watu wake watashukia wapi. Hakuna wimbo wake hata mmoja uliovuka mipaka ya mji ule. Aliyeuliza alijibiwa kwamba nyimbo hizo ni za hapa.

Mwaka aliofikia kustaafu, vidole vikaanza mgomo. Kwanza kile kidogo cha mkono wa kulia, kisha jirani yake. Asubuhi vinaamka vimekunjamana, na havinyooki mpaka vikae kwenye maji ya moto. Daktari wa zahanati hakumzungusha. Alimwambia ataandikiwa sindano za hospitali kubwa, zitamsaidia kwa muda, lakini kuna siku kinanda itabidi akisahau. Mwalimu alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha barazani, na akajua kitu kimoja tu anachokitaka kabla siku hiyo haijafika.

Mkewe alikuwa anaimba alto, safu ya mbele. Na nyumbani alikuwa na tabia: akipiga pasi, anavumavuma kiwimbo puani. Hakina maneno, hakina jina, na ukimuuliza anaimba nini anakutazama kwa mshangao. "Mimi? Siimbi chochote." Mwalimu alikuwa amekisikia kiwimbo hicho tangu wangali wanapanga chumba kimoja. Sasa fikiria, mtu aliyetungia daraja wimbo hajawahi kumtungia mkewe hata mstari. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mpaka anaona haya, na kila akishika kalamu maneno yote yanaonekana ya kipuuzi.

Basi akatunga wimbo wa kuagia. Beti nne, kwaya peke yake bila kinanda, maneno juu ya mtaa unavyoamka asubuhi: milango inavyofunguliwa, nani anakohoa, nani anafagia. Mwishoni kwaya inashikilia sauti ya mwisho midomo imefungwa, na chini yake kinanda kinaingia na kile kiwimbo cha pasi. Mji mzima utasikia kinanda. Mkewe peke yake ndiye atakayesikia nyumba yake. Hilo tu ndilo alilolitaka mzee yule: kuupiga mwisho ule mara moja, kwaya yake ikiwa imesimama pale na mkewe akisikia, kabla vidole havijafunga duka.

Na kwa kuwa aliwajua watu wake, mwisho huo aliuandika nusu sauti chini. Kwaya itaanza juu, itashuka ubeti wa tatu kama kawaida yake, na ikifika itakuta kinanda kinaisubiri palepale. Akaufanyia mazoezi peke yake, mlango wa chumba cha muziki ameufunga kwa ndani, kidole kwa kidole, dole gumba na viwili vizima vikibeba kazi ya wagonjwa. Njia hiyo aliipata kwa jasho. Ukimwambia aihamishe kitufe kimoja tu pembeni, pa cheusi panakuwa cheupe, pa cheupe cheusi, na vidole vinapotea kama wageni sokoni.

Kwaya hakuiambia kitu. "Mwishoni mtashikilia, mimi nitamalizia," alisema.

"Utamalizia na nini?" seremala akauliza.

"Nitamalizia tu."

Wakati huo alikuwa ameshakuja mwalimu mpya wa kupokea nafasi yake, binti mwembamba anayeongea haraka kama anakimbizwa. Mwalimu alimpa aongoze kwaya, kwa kuwa yeye siku ya onyesho atakaa kwenye kinanda. Baada ya zoezi la kwanza binti alimsubiri mke wa mwalimu nje ya mlango.

"Mama, samahani. Hivi mnajua kuwa mnashuka?"

"Tunashuka wapi?"

Binti akamweleza. Mama wa watu alisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akawaambia wenzake wachache, wale wachache wakawaambia wote, na seremala akakaa chini kwenye benchi lake, randa mkononi.

"Yaani miaka yote hii mzee anatusikia tunamharibia, halafu anatuambia ahsanteni sana?"

"Mimi nilishamlilia," muuguzi akasema. "Ndiyo maana hakusema tena. Ni mimi."

Hapo ndipo walipopanga. Zawadi ya kumuaga haitakuwa saa ya ukutani wala kitambaa cha suti. Watamwimbia wimbo wake mwanzo mpaka mwisho bila kushuka hata unywele. Mwalimu alipokwenda hospitali kubwa, mji mwingine, kwa zile sindano, wao wakahamia karakana ya seremala, katikati ya milango isiyo na nyumba. Binti akawafundisha kama watoto: mkiteremka, teremkeni hatua fupi, mkipanda, pandeni hatua ndefu, ubeti wa tatu ukianza, kila mtu afikirie anamchungulia jirani juu ya ukuta. Walifanya kazi watu wale. Dereva wa lori la taka alikuwa akiimba ubeti wa tatu barabarani mpaka watu wakadhani ameokota kitu.

Mwalimu alirudi siku moja kabla ya onyesho. Alitaka zoezi la mwisho, wakamwambia ukumbi umepakwa rangi haijakauka, apumzike, mambo yameiva. Mkewe alimwambia hivyo huku anatabasamu, na yeye akatabasamu kwa sababu yake mwenyewe. Walikaa pale mezani kila mmoja na siri yake kifuani, wakala chakula chao.

Onyesho lilikuwa mchana. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, afisa elimu mbele kabisa na mguu juu ya mguu. Kinanda kilikuwa kimebebwa kutoka shuleni na mabesi wanne, kikawekwa pembeni ya jukwaa. Mwalimu akakaa, akawapa sauti ya kuanzia, akaweka mikono mapajani kusubiri zamu yake. Vidole vilikuwa vizuri siku hiyo. Sindano zilikuwa zimefanya kazi yake.

Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda, na mwalimu akainamisha kichwa kama kawaida. Ukaja wa tatu, pale soprano wanapopanda, pale ambapo kila mara anawasikia wakianza kulegea. Hawakulegea. Akadhani masikio yake. Akabonyeza kitufe cha sauti aliyowapa, polepole, bila kukanyaga upepo ili kisilie, kwa mazoea tu, na moyoni akalinganisha. Wako palepale walipoanzia. Ubeti wa nne wakaingia nao wamesimama wima, safi, muuguzi macho kayafumba, seremala mishipa ya shingo nje, na mkewe safu ya mbele anamwangalia yeye mumewe, anang'aa.

Lo, furaha aliyoisikia mzee yule haina mfano. Miaka yote ile hajawahi kusikia kwaya yake ikisimama. Na hapohapo akajua kilichotokea, akajua na kinachofuata. Mwisho wake uko nusu sauti chini. Akiingia sasa, kinanda na kwaya vitagongana kwa kelele ya kutia ganzi meno, na watu wote, mpaka afisa elimu asiyejua do wala re, watasema kwaya imeharibu, maana nani atakisingizia kinanda? Alijaribu kuhamisha. Aliweka vidole kitufe kimoja juu, akaona njia imefutika. Dole gumba halijui liende wapi.

Kwaya ikafika sauti ya mwisho, ikafunga midomo, ikashikilia. Wakashikilia. Binti akamgeukia mwalimu na mkono umeinuliwa. Mkewe akamwinulia nyusi: haya, zamu yako. Mwalimu akaondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka mapajani, na akamtikisia binti kichwa kwamba funga. Binti akafunga. Makofi yakalipuka.

Afisa elimu alipopewa nafasi alisifu kwaya sana. Kisha akasema mzee wetu amelitumikia taifa, sasa umri umesogea, kusahau ni jambo la kawaida, tumwache apumzike. Watu wakacheka kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko kofi. Mwalimu naye akacheka.

"Tulishikilia mpaka nikaona nyota," mkewe alimwambia walipofika nyumbani. "Tumefanya mazoezi kwa siri kwa ajili yako. Ulikuwa umalizie."

"Nilisahau, bibie."

"Ulisahau."

"Uzee."

Jioni ile mkewe alitoa nguo akapiga pasi kimya, na mwalimu upande wa pili wa ukuta alisubiri kiwimbo mpaka pasi ikapoa. Iliuma hiyo, isikie kwa jirani.

Wiki iliyofuata wakaenda wote wawili kukusanya vitu vyake chumba cha muziki: makaratasi, viatu vya mvua, kikombe kisicho na mkono. Kinanda kilikuwa kimesharudishwa mahali pake. Mkewe akafuta vumbi kwenye kifuniko, akakaa dawati la watoto, magoti juu.

"Haya, nipigie mimi," akasema. "Kile ulichosahau. Hapa hakuna afisa elimu."

Mwalimu alisitasita. Kisha akakaa, akakanyaga upepo, akapiga. Kiwimbo kilikuwa hakijafika hata katikati, mkewe kitambaa cha vumbi kikamdondoka. Kila mtu hujua sauti ya nyumba yake, hata kama hajawahi kuisikia kwa masikio.

"Hiki ni cha nani?" akauliza polepole.

"Chako. Cha pasi."

"Mimi huwa naimba hivi?"

"Tangu tuko chumba kimoja."

Wakati huo mwalimu mpya alikuwa mlangoni, kaja kuchukua funguo, na alikuwa amewasikia tangu mwanzo. Sikio lake halijui adabu, likasema kabla ya mwenyewe. "Shikamoo mwalimu. Mbona mwisho umeupiga nusu sauti chini, na wimbo unaisha—" Mkono ukaenda mdomoni.

Mke wa mwalimu akamtazama binti, akamtazama mumewe, akatazama kinanda. Ukweli ulipomwingia, ulimwingia wote kwa mara moja.

"Ulituwekea pa kushukia."

Mwalimu akakubali kwa kichwa.

"Na sisi hatukushuka."

"Mliimba vizuri mno, bibie. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Ningeingia, ningewachafua."

"Ukakubali mji mzima ukuite mzee msahaulifu."

"Sasa ningefanyaje?"

Mama yule hakulia. Alisimama, akaokota kitambaa, akasema, "Kaa hapohapo, usiondoke," akatoka na viatu vikilia sakafuni.

Haikupita muda wakaanza kuingia. Seremala na penseli sikioni, muuguzi ameacha foleni kwa mwenzake, wenye maduka, dereva wa taka kasimamisha lori palepale langoni. Wakajibana kwenye madawati ya watoto. Wote walikuwa wameshaambiwa, ilionekana usoni. Muuguzi ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo ulituandika tukiwa tunashuka."

"Niliwaandika mlivyo," mwalimu akasema. "Sikuwa na kwaya nyingine, na sikuitaka."

Wakatazamana. Seremala akakohoa. "Basi si neno. Tushuke tu, mzee amalizie. Kushuka kunatushinda nini sisi?"

Kumbe kuliwashinda. Waliimba wakafika ubeti wa tatu, wakajaribu kulegea, wapi. Besi walishuka mno wakaenda kuzimu, soprano wakagoma, katikati pakawa vurugu tupu. Binti alikuwa amewapigilia misumari barabara. Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka dereva akashika mbavu, na mwalimu naye akacheka kicheko chake halisi.

"Samahani," binti akasema alipopata nafasi. "Si muanze tu nusu sauti chini? Msiposhuka, mtaishia hapohapo kilipo kinanda."

Mtu aliyekata nguo kufuata bega la chini maisha yake yote, hakuwahi kuwaza siku bega litakapopona.

Muuguzi akamletea beseni la maji ya moto kutoka jikoni kwa walimu, mwalimu akaloweka vidole mpaka vikakubali. Kisha akawapa sauti ya kuanzia, ile ya chini, na wakaimba. Hakukuwa na hadhira. Ubeti wa kwanza mzuri, wa pili mzuri. Ukaja wa tatu, na mkewe pale mbele akakumbuka kinachomsubiri mwishoni. Machozi yakaanza, sauti ikalegea, alto wenzake wakamfuata kwa mazoea ya miaka, teno wakawafuata alto, na kwaya nzima, polepole, kwa nidhamu yake ileile, ikashuka nusu sauti kamili.

Mwalimu aliwasikia tangu hatua ya kwanza. Wakafika mwisho, wakafunga midomo, wakashikilia. Mikono yake ilikuwa juu ya vitufe. Safari hii hakuiondoa. Aliingia na kiwimbo cha pasi juu ya sauti ile iliyopotoka, na kelele iliyotoka, nakwambia, kanga wa jirani waliruka ukuta. Hakuna aliyeacha. Wao walishikilia, yeye akapiga, dole gumba na viwili vizima, mpaka noti ya mwisho kabisa.

Upepo wa kinanda ukaisha. Mwalimu akageuka kwenye kiti, akawatazama mmoja mmoja, akafika kwa muuguzi, akafika kwa mkewe.

"Mmeshuka," akasema.

Muuguzi hakulia. Hakuna aliyetafuta kofia yake.

Mkewe akajifuta pua na kile kitambaa cha vumbi. "Tumeshuka," akasema.

Mwalimu akachovya vidole kwenye beseni, akavikung'uta, akarudi kwenye kinanda na kuwatolea sauti ya kuanzia.

"Tena."